Kigari cha Waya na Ndege ya Plastiki: Kipimo cha Mfano ni Kipi?

Wahenga waliwakanya waja wasidharau kiselema, kwani chalima kikapita jembe zima. Kanyo hilo lafaa kukumbukwa kila mtoto wa Kisii au Nyamira apitapo njiani akisukuma gari aliloliunda mwenyewe. Bodi yake ni waya uliokunjwa kwa mkono na kunyooshwa kwa jiwe. Magurudumu yamekatwa kutoka kwa malapa makuukuu. Usukani umefungwa kwenye ncha ya kijiti kirefu ili dereva aendeshe bila kuinama. Mpita njia hulitazama, akaliita kigari, kisha akaenda zake.

Kiambishi ki- katika neno hilo kina kazi mbili anazozijua kila mwanafunzi wa sarufi: hupunguza umbo na, aghalabu, hupunguza hadhi. Umbo la kigari ni dogo, hilo halina ubishi. Hadhi yake ndiyo inayostahili kujadiliwa. Makala haya yanashikilia kwamba mfano wa chombo haupimwi kwa uwiano wake tu. Hupimwa pia kwa hadithi unayoibeba, na kwa kipimo hicho kigari cha waya kimenyimwa haki yake na wasomi wa fasihi.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kutazama upande wa pili wa sanaa hiyo hiyo. Zipo nchi ambako watu wazima huunda mifano ya zana za vita kwa ustadi wa kustaajabisha. Miongoni mwao wamo wanaopenda zana za Rhodesia, nchi ambayo walowezi wake walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na ambayo ilizaliwa upya kwa jina la Zimbabwe tarehe 18 Aprili 1980. Ndege ya kivita ya Hawker Hunter, yenye urefu wa mita 14 hivi, hugeuka kuwa plastiki ya sentimita 19 katika uwiano wa 1:72. Kwa kuwa jeshi hilo lilirekebisha zana zake nyingi, fundi hulazimika naye kurekebisha mfano anaoununua. Helikopta ya Alouette III hutiwa mzinga wa milimita 20 ubavuni. Lori la kawaida huvishwa bodi yenye tumbo la umbo la V, lililobuniwa ili kukwepesha mlipuko wa bomu la ardhini. Hata rangi huchunguzwa hadi ilingane na ile ya asili.

Ustadi huo unastahili heshima. Hata hivyo, rangi sahihi yaweza kuficha mengi. Mnamo tarehe 9 Agosti 1976, msafara wa kikosi cha Selous Scouts uliingia katika kambi ya Nyadzonya nchini Msumbiji ukiwa na magari ya Unimog na Ferret. Magari hayo yalikuwa yamepakwa rangi za jeshi la Msumbiji, na askari waliomo walikuwa wamevaa sare za jeshi hilo. Waliokuwa kambini walidhani wamefikiwa na marafiki. Mamia waliuawa. Je, mtu akiunda gari mojawapo leo, akapatia kila msumari na kila tone la rangi, halafu asiseme ni kwa nini lilipakwa rangi ya wenyewe, atakuwa amesema kweli? Atakuwa amesema kweli kuhusu gari, lakini waliolipokea gari hilo watakuwa wamefutwa.

Wagusii hawahitaji kwenda Msumbiji ili wayajue maumivu ya kusimuliwa na mwenye bunduki. Waingereza walituma misafara ya kijeshi dhidi yao mwaka 1905 na tena mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu misafara hiyo ziliandikwa na upande uliokuwa na silaha kali. Upande wa pili ulibaki midomoni mwa wazee. Ndiyo maana swali la nani anaachwa nje ya mfano si swali dogo katika eneo hili.

Sasa kirudiwe kigari cha waya. Uwiano wake ni mbovu: gurudumu laweza kuwa kubwa kuliko mlango. Lakini kina watu. Mtoto huigiza ngurumo ya injini kwa tanakali za sauti zake mwenyewe, akabadilisha gia mlimani, akafunga breki kituoni. Mwenzake huwa utingo na kuita abiria wa Keroka, Kebirigo au Suneka. Wengine hupanda, wakabishana kuhusu nauli. Hapo pana fanani, hadhira, utendaji na lugha ya sajili maalumu. Kama hiyo si fasihi simulizi, basi istilahi zinazofundishwa darasani zina kazi gani?

Yamkini msomaji atapinga kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba mtoto hana nia ya kuhifadhi historia. Ni kweli hana. Wala bibi aliyetamba ngano jikoni hakuwa na nia ya kuandikiwa tasnifu. Wajibu wa kuhifadhi ni wa msomi, na wajibu huo una haraka. Vigari vya plastiki vya dukani vimejaa masokoni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unamtaka mwanafunzi aunde vitu kwa mikono yake. Lakini wapo wazazi wanaomwendea fundi wa jua kali na kumlipa. Kazi hupata alama, na mtoto hukosa hadithi.

Basi wanafunzi wa Kiswahili walio Kisii na Nyamira wana utafiti mlangoni mwao. Waandike majina ya sehemu za gari kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Warekodi maelezo ya muundaji mwenyewe: gari ni la nani, laenda wapi, limebeba nini. Wafike pia Tabaka, ambako jiwe la sabuni huchongwa na kupigwa msasa hadi ling'ae, wawaulize wachongaji ni visa gani vya Wagusii wangependa kuvichonga, mbali na viboko na tembo wanaonunuliwa na watalii.

Mcheza kwao hutuzwa. Tuzo ya kwanza anayostahili mtoto mwenye kigari ni kuulizwa, kabla hajafika kituo cha mwisho, abiria wake ni akina nani.