Lexus ya mkopo Sanya Juu: unalipia nembo, si mafuta

Leo siasa naziweka pembeni, tuongee gari. Na niseme mapema ili wenye hasira waanze kukasirika: kijana wa Sanya Juu anayekopa benki anunue Lexus CT 200h kwa hoja kwamba "inakula mafuta kidogo" anajidanganya mchana kweupe.

Naijua ilikoanzia hoja hiyo. Kila Desemba ndugu zetu wanapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi. Katikati ya Land Cruiser na Harrier, unakiona kigari kifupi, kimya, kina L ya Lexus usoni. Mwenye nacho anatamba: nimejaza tangi Dar, nimefika nyumbani bado mafuta yapo! Januari haijaisha, mwalimu wetu, muuguzi wetu, mtumishi wetu wa halmashauri ya Siha yuko kwa afisa mikopo na salary slip mkononi.

Haya, tuwe waungwana, tuanze na sifa. CT 200h ilionyeshwa Geneva mwaka 2010, ikaanza kuuzwa baadaye, na Lexus waliacha kuitengeneza 2022. Ina injini ya petroli ya lita 1.8 inayosaidiana na mota ya umeme, jumla nguvu farasi 134. Mwaka 2011 Euro NCAP waliigongesha kwenye majaribio yao ya usalama wakaipa nyota 5. Na mfumo wake wa haibridi si wa kubahatisha, ni ule ule wa Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ambayo madereva teksi wa nchi nyingi wameitesa kwa miaka na imevumilia.

Sasa hapo hapo ndipo ninapomshika kijana wangu. Kama moyo ni ule ule wa Prius, kwa nini ulipie zaidi?

Wamarekani, kupitia shirika lao la mazingira EPA, walipima magari yote mawili. Lexus ilipata wastani wa maili 42 kwa galoni, yaani kama kilomita 18 kwa lita. Prius ikapata 50, yaani kilomita 21 na ushee. Jamani, injini ile ile, mfumo ule ule, halafu lenye jina kubwa ndilo linalokunywa zaidi! Hata Toyota Aqua, yenye injini ya lita 1.5 tu, inakaa pale pale kwa Prius.

Tupige hesabu ya kwetu. Sanya Juu mpaka Boma Ng'ombe ni kama kilomita 25. Ukienda na kurudi siku 20 kwa mwezi, umetembea kilomita 1,000. Gari la kawaida la kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 83. Lexus itakunywa 56. Prius au Aqua, 48 hivi. Chukua bei ya EWURA ya mwezi huu uzidishe mwenyewe. Haibridi inaokoa, sibishi. Ninachobisha ni kwamba Lexus ndiyo ya kuokolea.

Na kuna jambo yule ndugu wa Desemba hasemi. Gari hili linaonyesha ubora wake zaidi kwenye foleni. Ukishika breki linarudisha umeme kwenye betri, ukisimama injini inazima. Kwa mtu wa Ubungo na Mwenge hiyo ni neema. Sisi huku foleni yetu ni ng'ombe wanaovuka barabara!

Halafu vumbi. Betri kubwa iko nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Endesha vioo wazi kwenye barabara za mashambani wakati wa kiangazi, usisafishe njia ya hewa, uone betri itakavyochemka. Masika yakija, bodi iko chini na spoti zake zina tairi nyembamba kwenye rimu za inchi 17. Yale mawe ya njia ya shamba hayajui kusoma nembo.

Tuje kwenye umri. CT za bei ya mwalimu ni zile za miaka ya mwanzo, zimeshapita miaka 10. Kule Marekani zilipouzwa mpya, vifaa vya haibridi vilipewa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000. Maana yake, wewe unaanza kulipa mkopo pale mtengenezaji alipokwisha kunawa mikono. Wakenya hawapokei kabisa gari lililozidi miaka 8. Sisi tunalipokea, ila tunaliongezea ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 likizidi miaka 10. Kwa hiyo unakopa ulipe gari, unakopa ulipe uzee wake, na betri ikigoma utakopa tena.

Najua watakaosema, "Huyu mwandishi ana wivu, mshahara wa gazeti haununui hata rimu." Sawa, haununui. Lakini hoja hujibiwa kwa hoja.

Wala sisemi mtu asinunue raha. Una hela yako mkononi, umelipenda, lichukue, ufurahie viti na ukimya wake. Sema tu, "Nimependa Lexus." Hakuna atakayekushtaki. Ila usimwambie mkeo na wazazi wako kwamba unabana matumizi, wakati makato ya miaka mitano yanakula ada ya mtoto na mbolea ya shamba. Anayetaka kuokoa mafuta kweli atanunua Aqua, au atapanda Noah ya Boma kama sisi wengine, na tofauti ya bei atanunua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe naye anakula, lakini anarudisha.

Naomba kutoa hoja.