Namba hii si kikomo cha kompyuta tu

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeitaja 2,147,483,647 kama kikomo cha kompyuta, ukaishia hapo, na namba hii ina mengi zaidi. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, na ni namba tasa! Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 huko St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa. Inatosha kutafuta vigawo visivyozidi kipeuo cha pili cha namba hii, ambacho hakifiki 46,341, lakini namba tasa zilizo chini ya hapo ni maelfu. Nani angezijaribu zote kwa mkono? Euler alijua kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sharti hilo linazitupa karibu zote: namba tasa ya kwanza inayopita ni 311, inayofuata ni 1,303. Kwangu huo ndio uzuri wa hesabu.

Tena, izidishe 2,147,483,647 kwa 2 yenye kipeo cha 30, upate 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaizaa namba hiyohiyo. Walimu wa sekondari, tafadhali wapeni wanafunzi zoezi la 248. Kalamu na karatasi zinatosha.