Someni Sura Yote

Mhariri aliponitaka niandike kitu kwa ajili ya kurasa hizi za Kiswahili, nilikusudia kuandika juu ya ngoma. Wenzangu wa shule wanajua sababu. Ninyi kaka zetu mliomaliza zamani yafaa niwaeleze kwamba muhula uliopita chama chetu cha Wakristo kilibishana majuma matatu kama ngoma zipigwe katika ibada ya Jumapili au zisipigwe. Upande mmoja ulisema ngoma ni mambo ya mizimu. Upande wa pili ukafungua Zaburi ya 150, ukasema matari yametajwa mle, na tari ni nini kama si ngoma? Ndipo kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, aliposimama na Amosi 5:23, pale Mungu asemapo kwamba hataki kusikia vinanda, akadai kinanda chetu kitolewe kanisani kabla ya Jumapili.

Tulicheka sana. Lakini hakuna aliyeuliza mstari wa 24 wasemaje. Nilipofika bwenini niliusoma. Wasema juu ya haki kutiririka kama maji. Mungu alichoka na nyimbo za watu waliowaonea maskini, na kinanda hakikuwa na kosa lolote.

Basi nikawaza kwamba katika majuma yale matatu hakuna hata mmoja wetu aliyefungua Biblia ili ajue. Kila mmoja aliifungua ili apate. Aliyependa ngoma alipata ngoma, aliyezichukia alipata neno la kuzichukia. Nami nasema kwamba imani ya namna hiyo haikujengwa juu ya Maandiko, hata kama inataja sura na mistari mchana kutwa. Imejengwa juu ya desturi, au juu ya kupenda kwetu tu, na Maandiko yamepakwa juu kama chokaa ukutani.

Jambo hili latuaibisha sisi wa Uganda kuliko watu wengine, kwa sababu hapa Ukristo ulianza kwa kusoma. Mwaka 1875 Stanley alipopita kwa Kabaka Mutesa, alimwacha kijana Dallington Maftaa, aliyefundishwa na misheni ya Unguja, ili amsomee Kabaka Biblia, akimfasiria kwa Kiswahili. (Wale wanaouliza kurasa hizi za Kiswahili zina faida gani katika gazeti letu, na walifikiri hilo.) Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hata leo kwa Kiganda okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kwenda kusali. Biblia nzima ya Kiganda ilipopigwa chapa mwaka 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta na wenzao, ilifanywa ndogo na nene ili iingie katika bati la biskuti, mchwa wasiile. Wazee wale walificha Kitabu katika bati kisiliwe. Sisi tunakila wenyewe, mstari hapa, mstari pale.

Nisingekuwa na ujasiri wa kuandika haya kama yasingalinipata nyumbani.

Baba yangu alifariki Februari 2023. Kwetu ni upande wa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, na kwa desturi ya kwetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa chini ya mwembe. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu mwema (nasema hivyo bila kejeli, kwani ndiye aliyelipa nusu ya karo yangu mwaka ule), alisimama na Biblia mkononi. Hakutaja mila hata mara moja. Alisoma Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 5, juu ya ndugu kumtwaa mke wa nduguye aliyekufa, kisha akafunga Biblia akasema, “Mmesikia wenyewe. Si mimi, ni Neno.” Wazee wakaitikia Amina.

Nilikuwa na miaka 17, na kwetu kijana wa umri huo hasemi penye wazee. Lakini Biblia ile ilikuwa ya marehemu baba, naye alikuwa amenizoeza kumsomea kila jioni, sura nzima, bila kuruka hata majina magumu. Nikasimama nikasema, “Baba mdogo, naomba ruhusa nisome pale ulipoachia.”

“Soma, mwanangu,” akasema. Nadhani alitumaini nitamuunga mkono.

Nilianza katika mstari ule ule wa 5, kwa kuwa palikuwa na maneno machache aliyoyaruka. Sheria ile ni ya mtu aliyekufa bila mwana. Baba ameacha wana wawili na mabinti watatu. Mstari wa 6 watoa sababu, kwamba jina la marehemu lisipotee katika Israeli, na jina la baba halijapotea, limo katika daftari la shule hii mara mbili. Mistari inayofuata yaonyesha kwamba mwanamume aweza kukataa. Nilipofika mstari wa 9, ambapo mjane humvua kiatu yule aliyekataa na kumtemea mate mbele ya wazee, shangazi zangu waliangua kicheko, maana siku ile baba mdogo alikuwa amevaa mabuti ya mvua yanayofika magotini.

Hakushindwa upesi. “Na Boazi je?” akauliza. Lilikuwa swali zuri. Tukafungua Kitabu cha Ruthu, tukaona kwamba mume wa Ruthu alikufa bila mtoto, na ya kwamba Ruthu mwenyewe ndiye aliyemwendea Boazi usiku akamwomba, sura ya 3 mstari wa 9. Hapo mama, aliyekuwa ameketi mkekani bila neno tangu asubuhi, aliinua uso wake.

“Shemeji,” akasema, “mimi sijamwendea mtu usiku. Wala hakuna aliyeniuliza.”

Nikamalizia kwa 1 Wakorintho 7:39, ambapo Paulo aeleza kwamba mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, mradi tu iwe katika Bwana. Jambo likaisha. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye naye hakuulizwa, alileta chai akatumiminia wote, na kikombe changu alikijaza mpaka ukingoni.

Msidhani nawadharau wazee. Desturi ile haikuwekwa na watu wabaya. Iliwekwa ili mjane asife njaa na watoto wasitawanyike, na Biblia nayo, toka Torati hata Waraka wa Yakobo, yataka mjane atunzwe. Kama baba mdogo angalisimama akasema, “Ndugu zangu, hii ni desturi yetu, tuipime,” tungaliipima kwa heshima, tukachukua lililo jema ndani yake. Kosa lilikuwa kuivika desturi joho la Mungu, hata mtu akiikataa aonekane amemkataa Mungu. Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hilo hilo katika Marko 7. Walikuwa na neno lao, Korbani, ambalo mtu akilitamka juu ya mali yake aliweza kuwanyima baba na mama yake msaada, na bado aonekane mtu wa dini.

Wala desturi si za wazee wetu peke yao. Nyingine zilikuja kwa meli. Hapa kwetu wako watu wengi waliokaa pamoja miaka kumi, wana watoto, wanataka ndoa ya kanisani, lakini hawaendi kwa kuwa hawana fedha za gauni jeupe na keki. Nimepekua Agano Jipya lote, keki sikuiona. Arusi ya Kana ilipungukiwa na divai, na Bwana hakuwaambia waahirishe. Lakini mtu akifunga ndoa kwa kanzu na gomesi, kisha wageni wakala ndizi na maharage, atasikia minong'ono kwamba hiyo si arusi ya Kikristo. Hiyo nayo ni Korbani.

Yako pia mambo ambayo Maandiko yameyaacha huru, na hapo desturi yafaa iwe mtumishi. Apolo Kivebulaya, kasisi Mganda aliyevuka kwenda Boga katika Kongo mwaka 1896, alipigwa na kufungwa huko na chifu Tabaro, ambaye baadaye alibatizwa. Alipokaribia kufa mwaka 1933, aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambao Injili ilikuwa bado haijafika, ingawa desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa mashariki. Hakutafuta mstari wa kuwahukumu waliozikwa mashariki. Alijua kwamba kaburi lake ni jambo la uhuru, akalitumia kuhubiri. Ngoma nami naiweka hapo. Ikisaidia watu kumsifu Mungu, ipigwe, na ikiwa yatugawa, ingoje kidogo. Lakini lile la Amosi, kuhusu haki, halikuachwa huru. Majuma yale matatu tuliyobishana, wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wakifua soksi za wakubwa, na hakuna aliyeleta jambo hilo chamani. Soksi zangu zilikuwamo.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kunyamaza.

Niliporudi shuleni baada ya matanga nilikuwa shujaa. Habari ya mabuti ya mvua niliisimulia bwenini mara nyingi, na kila mara mabuti yalizidi urefu. Katika chama nilifundisha masomo mawili juu ya kuyapima yote kwa Maandiko, kama watu wa Beroya katika Matendo 17. Nilijiona nimesimama juu ya mwamba.

Likizo ya Agosti 2024 mama aliniita jikoni. Aliniambia kwamba yuko fundi mmoja wa kujenga, mgane, Mkristo ambaye husoma masomo katika kanisa la jirani, naye ameomba kumwoa. Mama alitaka kukubali, lakini alitaka nijue kwanza.

Nilisimama nikasema, “Mama, watu watasema nini? Kwetu mwanamke mwenye wana wakubwa haolewi nje ya ukoo.”

Mama aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, “Mwanangu, ule mstari ulionisomea chini ya mwembe, mchwa wameula?”

Nilitoka nje. Mngedhani nilitubu pale pale, lakini sivyo. Nilichukua Biblia ya baba nikasoma mbele, kama nilivyowafundisha wenzangu, nikafurahi kuona mstari wa 40, ambapo Paulo atoa maoni kwamba mjane ana heri zaidi akikaa kama alivyo. Kesho yake nilimpelekea mama mstari huo. Akaniomba nimsomee pia 1 Timotheo 5:14, ambapo Paulo huyo huyo ataka wajane vijana waolewe. Nikamwambia kwamba hilo ni la vijana. Akanituma nisome mstari wa 9, ambapo mjane wa kuandikwa katika orodha ya kanisa lazima awe na miaka 60. Mama ana miaka 41.

Mstari wa 39 ni ruhusa, na wa 40 ni shauri. Paulo mwenyewe aeleza kwamba ni shauri lake. Hata mtoto wa kidato cha kwanza angeona. Mimi sikuona kwa muda wa siku tisa, kwa sababu sikutaka kuona. Sikutaka mwanamume mwingine aketi katika kiti cha baba, hilo tu. Wala si dhambi mtoto kuwa na majonzi. Lakini niliyatwaa majonzi yangu nikayaita Neno, kama baba mdogo alivyoiita mila Neno, nami mwenye kosa kubwa zaidi ni mimi, kwani yeye alikuwa hajaisoma sura ile mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nimeisoma mbele ya ukoo mzima. Ndiyo maana nasema kusoma sura yote hakutoshi ikiwa msomaji anasoma kama wakili atafutaye tundu la kumtoa mteja wake, na mteja ni yeye mwenyewe.

Siku ya kumi nilikwenda kwa baba mdogo, nikitumaini kwa siri kwamba yeye atakataza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hata akakohoa. “Sasa kiatu ni chako,” akasema. Kisha akaniambia kwamba amekwisha kumtazama yule fundi, ni mtu wa kweli, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayesimama upande wa ukoo siku ya ndoa.

Walifunga ndoa Aprili 2025, bila keki. Niliombwa kusoma somo, nikasoma Ruthu sura ya 4 yote, mpaka lile orodha la majina mwishoni, na kasisi alitazama saa yake mara mbili.