Betri Husingiziwa Mengi

Katika mji wa Isebania, penye mpaka wa Kenya na Tanzania, magari hayapumzishwi. Yapo malori yangojayo zamu ya kuvuka kwenda Sirare, Tarime na Mwanza; zipo Toyota Probox zipakiazo abiria wa Migori na Kehancha; na yapo magari ya wakulima yashukayo sokoni na mahindi, ndizi na tumbaku. Mwenye gari wa namna hiyo akiamka alfajiri, akazungusha ufunguo na kusikia "tik" moja tu, neno la kwanza limtokalo ni kwamba betri imekufa. Mara nyingi hununua nyingine siku ile ile, hata kwa fedha za kukopa, na majuma matatu baadaye gari lagoma vile vile.

Betri haitengenezi umeme. Ni ghala tu. Gaston Planté wa Ufaransa, aliyebuni betri ya risasi na asidi mwaka 1859, alifanya chombo cha kupokea umeme, kuuhifadhi na kuutoa. Katika gari, mwenye kulijaza ghala ni alternata, izungushwayo na injini kwa mkanda. Mwenye kulikomba kwa pupa ni stata, ile iliyowaondolea madereva taabu ya hendeli tangu Cadillac ilipoanza kuitumia mwaka 1912. Mkulima akikuta ghala lake tupu halaumu kuta zake. Huuliza kwanza kama mavuno yaliingia, kisha huuliza habari za panya.

Uchunguzi wa kwanza hauna gharama. Ziwashwe taa kubwa, kisha ufunguo uzungushwe. Taa zikififia karibu kuzimika, betri imepungua nguvu au imeshikwa vibaya na nyaya zake. Taa zikibaki kali na stata ikakaa kimya, umeme upo lakini haufiki: yatazamwe nyaya za stata, solenoidi yake, na katika gari la otomatiki, mahali uliposimama mkono wa gia. Na kama stata yazunguka kwa nguvu ila injini haishiki, betri haina kesi yoyote. Kosa litafutwe kwenye mafuta au plagi.

Kabla fedha haijatoka mfukoni, boneti na ifunguliwe. Vichwa vya betri, ambavyo mafundi huviita tamino, hulegea kwa mitikisiko ya njia za mashambani na kuota unga mweupe au wa kijani. Unga huo huziba njia ya umeme hata betri nzima ikaonekana mfu. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Tamino husuguliwa kwa maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea, hukaushwa, hukazwa, kisha hupakwa grisi kidogo. Waya ule ule wa hasi utazamwe na upande wa pili, uliofungwa kwenye bodi, kwani wengi husahau kwamba umeme una safari ya kurudi.

Baada ya hapo ndipo mita ya fundi hufaa. Betri nzima ya gari dogo, iliyopumzika usiku kucha, huonyesha kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 imekaribia kuwa tupu. Injini ikiunguruma, katika magari mengi mita yapasa kupanda kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, alternata haichaji: utazamwe mkanda kama umelegea, umepasuka au umelowa mafuta, kisha kaboni za ndani. Ikipita 15, kidhibiti kimeharibika, na umeme unaozidi huchemsha maji ya betri na kuiua hata ikiwa mpya. Betri iliyokwisha kabisa haijazwi kwa safari fupi ya Isebania na Migori. Yataka saa nyingi kwenye mashine ya kuchajia.

Iko hila moja ya zamani ambayo bado hufanywa kando ya barabara: kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka, ati kuona kama gari litazimika. Hila hiyo ilitoka enzi za dainamo, katika Bedford na Land Rover za wazee. Kwa gari lenye alternata ni hatari, maana umeme huruka ghafula juu mno na kuweza kuunguza alternata yenyewe pamoja na kompyuta ya injini, na bei ya hizo mbili hununua betri kadhaa.

Hatari nyingine ni ya mpakani hasa. Malori yamejaa, na dereva wa gari dogo lililogoma huona wepesi wa kuomba umeme kwa jirani. Lakini malori mengi makubwa hutumia volti 24, na gari dogo 12. Aombe kwa gari dogo mwenzake. Waya mwekundu hufungwa chanya kwa chanya. Mweusi hutoka hasi ya betri nzima na kuishia kwenye chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni ambayo cheche moja huilipua.

Na kama mita yasema heri jioni, nayo asubuhi ghala ni tupu, yupo panya: redio, taa ya buti, king'ora, au chombo cha kufuatilia gari kilichofungwa ovyo. Kila kitu kizimwe, milango ifungwe, na fundi aunganishe mita ya ampea katika njia ya waya wa hasi. Gari likisha kutulia, zaidi ya miliampea 50 ni nyingi. Fyuzi zitolewe moja moja huku mita ikitazamwa, na ile ambayo kutolewa kwake kutaishusha ndiyo itakayoonyesha njia apitayo panya.