Chungu Kina Mwenyewe

Kuna imani moja nimechoka kuisikia hapa Suna, tena midomoni mwa waliosoma: kwamba Migori na Homa Bay hatukuwahi kuwa na wasanii, tulikuwa na utamaduni tu. Sanaa, wanasema, ilianza pale Margaret Trowell alipofungua darasa lake la sanaa huko Makerere, Uganda, miaka ya 1930.

Nendeni Thimlich Ohinga, boma la mawe la hapa Migori. Kuta zile zimesimama tangu karne ya 16 bila udongo wala saruji, na kwingine zinapita mita 4. Mawe hayakuchongwa, yalichaguliwa: safu ya nje, safu ya ndani, na mawe madogo yakashindiliwa katikati. Waliohamia baadaye, Wabantu na Wajaluo, walizikarabati kwa mbinu ileile. Ufundi unaopita mkono hadi mkono kwa karne nzima umefundishwa, na pale palipofundishwa palikuwa shule. Mwaka 2018 UNESCO ilipapokea kwenye Urithi wa Dunia. Tulishangilia ukuta, mjenzi tukaendelea kumwita “jamii.”

Kinachoniuma zaidi ni chungu. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza mwaka 1971, kisha akafika Abuja ya wakati ule (leo Suleja), Nigeria, kujifunza kwa wanawake wafinyanzi. Hadi leo hujenga chombo kwa mkono, bila gurudumu, akakisugua hadi king'ae. Kazi zake zimo katika Makumbusho ya Uingereza na zinaitwa sanaa, kwa haki kabisa. Mama wa kando ya ziwa naye huzungusha kamba za udongo kwa vidole, hana gurudumu, na tumbo la mtungi wake halipindi. Yeye tunamwambia anafanya kazi za mikono, halafu tunamwomba apunguze bei.

Najua jibu mtakalonipa: hatuna majina, na historia haiandikwi bila majina. Mbona ya Wagiriki iliandikwa? Mwanazuoni John Beazley alivitazama vyombo vya udongo visivyo na sahihi, akautambua mkono mmoja kwa jinsi ulivyochora, akampa mwenyewe jina la Mchoraji wa Berlin. Marehemu wa miaka 2,500 asiyejulikana alitafutiwa jina kwa subira ya namna hiyo.

Wa kwetu hahitaji kutafutiwa. Ameketi sokoni nyuma ya mitungi yake. Ukimwuliza, atakutajia jina lake, na la aliyemfundisha, na atakuonyesha ni mtungi upi kati ya ile uliofinyangwa na jirani yake.