Malkia Njinga hakuzikwa vile

Hapa Murara tumeona tena ile picha ya Malkia Njinga wa Angola: taji kichwani, ziwa moja inje. Ilichorwa na Mfaransa Achille Devéria karibu mwaka 1830. Lakini Njinga alikufa 1663! Padri Cavazzi, aliyekuwako, aliandika kwamba walimzika na kanzu ya Wakapuchini. Mchoraji hakumuona hata siku moja, akamvua nguo.

Sisi wachimbaji yanatufikia vilevile. Wapiga picha wanakuja kwenye mashimo, wanatutaka bila shati, matope mpaka kwa macho. Siku ya kuzika mwenzetu aliyefunikwa na udongo, familia inatafuta picha yake moja ya kuweka juu ya sanduku, amevaa shati ya misa. Haiko. Mutuulize mbele ya kupiga, na picha mutuletee.