Kwa nini kununua muziki wa Japani ukiwa nje bado ni mtihani?

Juni 2023, wimbo 'Idol' wa kundi la Yoasobi ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard inayohesabu nyimbo zinazosikilizwa duniani kote ukiondoa Marekani. Hakuna wimbo wa Kijapani uliowahi kufika hapo kabla. Ulibebwa na katuni ya Oshi no Ko, na yeyote mwenye simu na bando aliweza kuusikiliza, awe Osaka, São Paulo au Mwanza.

Sasa shabiki huyohuyo ajaribu kutafuta albamu za Tatsuro Yamashita, mmoja wa wanamuziki wakubwa wa Japani tangu miaka ya 1970. Mwaka 2022 Yamashita alieleza kwamba huenda hataweka kazi zake kwenye majukwaa ya kustrimu mpaka anakufa. Anayezitaka anunue CD au sahani ya santuri, na mara nyingi duka lenye mzigo huo liko Japani.

Mashabiki walio nje ya Japani wanaishi katikati ya hali hizi mbili. Kinachowakwamisha si teknolojia, maana Japani haijawahi kukosa teknolojia. Ni hesabu za biashara zilizopigwa Tokyo kwa miaka mingi, ambazo mnunuzi wa nje hakuwemo.

Soko linalojitosheleza

Japani ni soko la pili kwa ukubwa duniani kwa muziki uliorekodiwa, nyuma ya Marekani. Na wakati nchi nyingi zimeshasahau CD, huko zaidi ya nusu ya mapato bado yanatokana na vitu vya kushika mkononi: CD, santuri na diski za matamasha.

Sababu ya kwanza ni bei. Chini ya mfumo unaoitwa saihan, kampuni iliyotoa CD ndiyo inayopanga bei ya rejareja, na duka haliwezi kuishusha kirahisi. Albamu mpya huuzwa karibu yen 3,000. Mwaka 2004 sheria ya hakimiliki iliongezewa kifungu cha kuzuia CD za Kijapani zinazouzwa kwa bei nafuu katika nchi nyingine za Asia zisirudishwe Japani na kuharibu bei ya nyumbani.

Sababu ya pili ni mashabiki wenyewe. Makundi kama AKB48 yaliweka ndani ya CD tiketi za kwenda kushikana mikono na waimbaji, au kura za kuchagua nani asimame mbele. Shabiki mmoja alinunua nakala nyingi za CD ileile.

Kwa kampuni inayopata faida hivyo, kuhangaika na mnunuzi wa Berlin au Nairobi ilikuwa kazi nyingi kwa pesa kidogo. Na kustrimu kulionekana kama kujikata mguu.

Mlango ulifunguliwa taratibu

Spotify ilianza Sweden mwaka 2008, lakini Japani iliingia 2016. Apple Music ilitangulia kidogo tu, mwaka 2015. Arashi, kundi la vijana lililotamba tangu 1999, lilikaa nje ya majukwaa hayo hadi 2019.

Afrika Mashariki nayo ilisubiri. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021. Kabla ya hapo, wengi walioupenda muziki wa katuni za Kijapani waliufuata YouTube, kwenye video zilizopandishwa na watu wasio na haki nazo.

Video za aina hiyo ndizo zilizofufua nyimbo za zamani. 'Plastic Love' ya Mariya Takeuchi, ambaye ni mke wa Yamashita, ilitoka kwenye albamu ya 1984. Mwaka 2017 shabiki mmoja aliipandisha YouTube na ikasikilizwa mara mamilioni. Mwishoni mwa 2018 ikaondolewa kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki, na mgogoro wenyewe haukuhusu wimbo bali picha iliyotumika. Baadaye ikarudishwa. Video rasmi ya kwanza, tena fupi, ilitoka 2019, miaka 35 baada ya wimbo wenyewe.

Hata kilichopo kihalali hakina uhakika. Leseni hutolewa nchi kwa nchi, hivyo wimbo unaocheza kwenye simu ukiwa Tokyo unaweza kugoma ukitua uwanja mwingine wa ndege. Orodha uliyoipanga mwaka mzima inaweza kubaki na majina ya nyimbo yenye rangi ya kijivu.

Basi unanunuaje?

Njia ni tatu, na kila moja ina mtihani wake.

Ya kwanza ni kupakua faili. Maduka makubwa ya Kijapani kama Mora yamefungiwa wanunuzi walio ndani ya nchi. Duka la iTunes la Japani linahitaji akaunti na malipo ya huko. Wasanii wanaojitegemea ni rahisi zaidi, kwa sababu wengi wao huuza kupitia Bandcamp, ambako mipaka si tatizo.

Ya pili ni maduka ya mtandaoni yanayotuma nje, kama CDJapan, ambayo ina ukurasa wa Kiingereza.

Ya tatu ni wakala. Bidhaa nyingi za mitumba ziko kwenye masoko kama Mercari na minada ya Yahoo, ambako wauzaji wengi hutuma ndani ya Japani tu. Wakala anakupa anwani ya huko, anapokea mzigo, anakata chake, kisha anausafirisha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kutoka Guangzhou anaijua biashara hii vizuri.

Kwenye kutafuta, nakili jina la msanii kwa herufi za Kijapani, si za Kilatini. Mara nyingi matokeo huongezeka ghafla.

Yen imeshuka, gharama zimebaki

Kwa sasa mnunuzi mwenye dola ana nafuu. Mwaka 2024 yen ilishuka hadi kupita 160 kwa dola moja, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1986. Kwa hesabu hiyo albamu ya yen 3,000 inagharimu chini ya dola 19. Yen ilipokuwa 110, albamu hiyohiyo ilikuwa dola 27.

Ila bei ya duka ni mwanzo tu. Kuna nauli ya posta, ada ya wakala, na kodi mzigo ukifika. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Kwa CD moja, nauli inaweza kuizidi bei ya CD yenyewe, ndiyo maana wengi hukusanya oda kadhaa na kuzituma kwa pamoja.

Anayenunua diski za matamasha aangalie pia eneo. DVD za Japani ni za eneo la 2, wakati Kenya na Tanzania ziko eneo la 5. Blu-ray za Japani ni za eneo A, Afrika ni B. Diski iliyofungwa kwa eneo haitacheza kwenye deki ya kawaida, hata kama umeilipia kila senti.

Na siasa nayo inaingia. Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, na posta ya Japani ikasitisha kupokea vifurushi vingi vya kwenda huko. Mashabiki wa Marekani waliozoea kuagiza bila wasiwasi walijikuta wamekwama kama wengine.

Nani anapoteza?

Miki Matsubara aliimba 'Mayonaka no Door' mwaka 1979. Wimbo huo ulilipuka TikTok mwaka 2020, ukasambaa dunia nzima. Yeye alifariki 2004, bila kuona mashabiki hao.

Wapo wengine wa rika lake walio hai, na kazi zao zinasikilizwa kupitia njia zisizowalipa. Wasikilizaji walio tayari kutoa pesa wapo. Wanachokosa ni mahali pa kuzipeleka.

Serikali ya Japani inataka mauzo ya nje ya katuni, michezo ya video, muziki na burudani nyingine yafike yen trilioni 20 ifikapo 2033. Mei 2025 tuzo mpya za Music Awards Japan zilifanyika Kyoto kwa mara ya kwanza, zikilenga kuutangaza muziki huo duniani. Hata hivyo, juhudi hizi zinawafaa zaidi akina Yoasobi, ambao tayari wako kwenye kila simu. Albamu za miaka ya 1980 ziko kabatini, na kuzitoa kunahitaji mikataba mipya na watunzi, wapiga ala, wapiga picha na familia zao.

Hadi kazi hiyo ifanyike, shabiki wa nje ataendelea kuusikia wimbo bure kwa dakika moja na kusubiri wiki kadhaa ili aulipie.